Gari la Dola Moja

Jumamosi ya tarehe 19 Januari 2013, kwenye mnada wa Barrett-Jackson mjini Scottsdale, Arizona, nyundo iligonga kwenye dola milioni 4.2. Ukijumlisha asilimia 10 ya ada ya mnada, mnunuzi alitakiwa kutoa dola milioni 4.62. Kilichouzwa ni gari jeusi lisilo na paa, refu karibu mita 6, lenye mistari myekundu ya kung'aa pembeni, ambalo enzi zake za kazi lilisifika kwa kuchemsha. Mwenye gari, George Barris, fundi wa kubadilisha magari, mzee wa miaka 87, alikuwepo. Yeye alilipata mwaka 1965 kwa dola 1.

Hiyo ni Batmobile, gari la Batman, shujaa wa katuni anayevaa kama popo, kutoka kipindi cha televisheni cha 1966, kile cha waigizaji Adam West na Burt Ward. Nimechagua kisa chake kwa sababu kinauliza swali ambalo kila mkusanyaji wa vitu vya filamu za mashujaa hujiuliza usiku akiwa peke yake, fedha zikiwa zimeshatoka: nimenunua nini hasa? Batmobile za aina hii zipo nyingi. Zipo alizotengeneza Barris mwenyewe, zipo zenye leseni, zipo zilizochongwa kwenye gereji bila idhini ya mtu. Ukiziona kwa mbali zote ni moja. Lakini ni hii tu iliyofika milioni nne na ushee.

Tuanze na chuma chenyewe. Kabla ya kuwa la Batman, gari hili lilikuwa Lincoln Futura, gari la maonyesho la kampuni ya Ford, lililoundwa ili watu waone magari ya kesho yatakavyofanana. Bodi yake ilitengenezwa kwa mkono na mafundi wa Ghia mjini Turin, Italia, na mwaka 1955 likaanza kuzungushwa kwenye maonyesho ya magari Marekani. Gharama inayotajwa siku zote ni dola 250,000, na hizo ni dola za wakati ule. Lilikuwa jeupe la kumeremeta kama lulu, na nyuma lilikuwa na mapezi marefu. Juu ya kila kiti kulikuwa na kifuniko cha kioo cha mviringo, kama bakuli lililofunikwa kichwani mwa abiria. Halikuwahi kuzalishwa kwa ajili ya kuuzwa. Magari ya namna hiyo hayana maisha marefu: yakishapitwa na fasheni husukumwa kona ya yadi, na mengi huishia kukatwa.

Futura liliokolewa na sinema. Mwaka 1959 lilionekana, safari hii likiwa limepakwa rangi nyekundu, kwenye filamu ya vichekesho iitwayo It Started with a Kiss, ambayo mmoja wa nyota wake alikuwa Debbie Reynolds. Nitachepuka hapa kidogo, maana jambo lenyewe linachekesha. Debbie Reynolds ndiye aliyekuja kuwa mkusanyaji mkubwa wa maleba ya Hollywood. Studio ya MGM ilipopiga mnada ghala lake mwaka 1970, wengine wakiona ni matambara, yeye alinunua. Alihangaika miongo kadhaa kuyatafutia makumbusho, ikashindikana, na Juni 2011 akaanza kuyauza. Gauni jeupe la Marilyn Monroe peke yake lilivuka dola milioni 5 pamoja na ada. Mwaka mmoja na nusu baadaye, gari la filamu yake ya zamani nalo likaingia kwenye tarakimu hizo hizo. Waliokuwa wakisema vitu hivi ni takataka walikuwa na hoja nzuri tu, ila hawakuwa na subira.

Turudi gereji. Mwaka 1965 televisheni ya ABC iliandaliwa tamthilia ya Batman, na kazi ya gari alipewa kwanza fundi mwingine, Dean Jeffries, ambaye alianza kuchonga Cadillac ya 1959. Ghafla ikaamuliwa kipindi kianze mapema kuliko ilivyopangwa. Jeffries akaona muda hautoshi, akajitoa, kazi ikaenda kwa Barris, North Hollywood. Muda unaotajwa ni wiki tatu. Kwa wiki tatu hujengi gari kuanzia chini. Unatazama lipi lipo uani. Uani kwa Barris kulikuwa na Futura. Ford wakamwandikia kwa dola 1.

Dola hiyo husimuliwa kama vile mtu kashinda bahati nasibu. Ukweli wake ni wa kawaida zaidi. Sheria ya mikataba ya huko haisimamii ahadi tupu. Kila upande lazima utoe kitu, hata kiwe kidogo namna gani, ndipo mauziano yawe mauziano. Kwa lugha ya kwetu, Ford walimpa gari lakini wakataka iwepo karatasi. Karatasi hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kitu chenye thamani kuliko vyote katika kisa hiki, na ndiyo ambayo wakusanyaji wengi hawana.

Ukiweka picha ya Futura kando ya picha ya Batmobile, unashangaa jinsi mafundi walivyoligusa kidogo. Mapezi ya nyuma tayari yalikuwa nusu ya bawa. Yakaongezewa pindo zilizopinda kama za popo. Pua ikageuzwa kuwa uso wa barakoa, taa zikiwa ndani ya matundu ya macho. Paa likakatwa, vikabaki vioo vya mviringo vya mbele na nyuma. Matao ya magurudumu yakapanuliwa. Kazi kubwa ya chuma aliifanya Bill Cushenbery, jina ambalo halitajwi sana kwenye mabango ya minada, kama ilivyo desturi ya walioshika nyundo. Kisha rangi nyeusi, na kila ukingo ukachorwa mstari wa kung'aa, kwani bila mistari hiyo umbo lote lingemezwa na weusi wake.

Kipindi kilianza 12 Januari 1966. Filamu ya sinema ikafuata katikati ya mwaka huo, na hadi Machi 1968 zilikuwa zimerushwa sehemu 120. Kwenye skrini gari lilitoa moto nyuma na kugeuka kwa msaada wa parachuti. Nje ya skrini lilichemsha, betri zilikufa, matairi yalipasuka. Lilikuwa gari la maonyesho lenye umri wa miaka kumi, halikuundwa ili likimbizwe kutwa nzima chini ya jua la California mbele ya kamera. Ikabidi injini na giaboksi vitolewe, vikafungwa vya Ford Galaxie.

Sasa hesabu. Bodi ni ya Futura, ila imekatwa na kuunganishwa. Injini si iliyokuja na Futura. Rangi si ya kwanza wala ya pili. Mpeleke fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, alitazame. Atakuambia bila kupepesa kwamba hilo ni gari la kuungaunga. Atakuwa sahihi. Kama uhalisia ungekuwa kila skrubu kubaki pale ilipofungwa kiwandani, basi mnada wa Scottsdale ulikuwa kichekesho.

Utata unazidi ukifika kwenye nakala. Kipindi kilipopamba moto, kila mji ulitaka kuliona gari, na gari lilikuwa moja, tena linahitajika kazini. Barris akachukua kalibu kwenye bodi ya gari la kwanza, akatoa bodi tatu za faibaglasi, akazipandisha juu ya chesisi za Ford Galaxie. Hizo ndizo zilizozunguka kwenye maonyesho. Moja iliendeshwa mpaka kwenye viwanja vya mbio za mstari mnyoofu. Watoto wengi wa Marekani walioapa kwamba waliigusa Batmobile kwa mkono wao waliigusa mojawapo ya hizo. Na hawakudanganywa sana. Zimetoka gereji ile ile, kwa fundi yule yule, ndani ya enzi ile ile ya kipindi. Hapa kwetu tungeziita ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Njia nyepesi ya kulitambua la kwanza ni sumaku, hata ile ya kubandikia karatasi kwenye friji. Igusishe kwenye mlango wa nakala, itateleza na kuanguka. Igusishe kwenye gari la kwanza, itang'ang'ania, kwa sababu chini ya rangi ile nyeusi kuna chuma kilichopigwa Turin. Napenda kipimo hiki kwa sababu hakihitaji mtaalamu wala cheti. Lakini kina mpaka wake. Sumaku inakuambia kitu kimetengenezwa kwa nini. Haikuambii kimepita wapi. Mwenye fedha anaweza kesho kuagiza Batmobile ya chuma kitupu, na sumaku itang'ang'ania vilevile.

Kwa hiyo mnunuzi wa Scottsdale alilipia nini? Sio chuma peke yake. Mimi nasema alilipia ufupi wa mlolongo. Gari lilitoka Ford likaingia kwa Barris. Barris hakuliuza kwa studio, alilikodisha. Kazi ilipoisha lilirudi kwake, likakaa kwake mpaka siku ya mnada. Tangu liwe Batmobile hadi 2013 lilikuwa na mwenye mmoja, anayejulikana, aliye hai, aliyesimama pale watu wakimwona. Hakuna ghala la studio, hakuna mlinzi wa usiku, hakuna "shemeji yangu alifanya kazi pale". Mlolongo wa namna hiyo ni nadra mno. Kwa kawaida vitu vya filamu ni mali ya studio: kazi ikiisha hurudishwa stoo, vingine hubadilishwa kwa ajili ya filamu nyingine, vingine hutupwa, na vingine huondoka na watu kwa njia ambazo hakuna aliyeziandika. Miaka thelathini baadaye, kati ya kilichookotwa jalalani kwa ruhusa na kilichopitishwa dirishani, hakuna tofauti unayoweza kuiona kwa macho.

Linganisha na maleba ya Spider-Man. Aprili 2001, filamu ya kwanza ya Spider-Man yenye mwigizaji Tobey Maguire ikiwa kazini, suti nne ziliibwa kwenye studio ya Sony huko Culver City. Kila moja ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 50,000, na studio ikaahidi zawadi ya dola 25,000 kwa atakayesaidia zipatikane. Ilichukua karibu mwaka mmoja na nusu, zikapatikana, na mmoja wa waliokamatwa alikuwa mlinzi wa zamani wa studio. Hebu fikiria mkusanyaji aliyeuziwa mojawapo. Alikuwa na kitu halisi kuliko chochote utakachokipata mnadani: kitambaa chenyewe, mshono wenyewe, kutoka kwenye filamu yenyewe. Ukimletea mtaalamu akilinganishe na picha, kila uzi utakubali. Na bado hakuwa na kitu, kwa sababu aliyemuuzia hakuwa na haki ya kukiuza. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaohubiri kulinganisha na picha kama ndiyo mwisho wa maneno. Picha huthibitisha kitu. Haimthibitishi muuzaji.

Wengi wetu hatutanunua gari la milioni nne, wala suti. Kinachofikika ni vitu vya wafanyakazi wa nyuma ya kamera: jaketi, kofia, beji ya kuingilia, kitambaa cha mgongo wa kiti, karatasi ya ratiba ya siku. Hivi vina raha yake ya pekee, na moja ya raha hizo ni majina ya uongo. Filamu kubwa za mashujaa hupigwa chini ya jina la kificho ili mashabiki wasijazane eneo la kazi. The Dark Knight, filamu ya Batman, ilipigwa kwa jina la Rory's First Kiss. The Dark Knight Rises ilikuwa Magnus Rex. The Avengers ya kwanza iliitwa Group Hug. Asiyejua akiona karatasi iliyoandikwa Rory's First Kiss ataifungia maandazi. Anayejua ataitia kwenye fremu. Jaketi lililoandikwa Batman kifuani kwa herufi kubwa linaweza kuwa limenunuliwa dukani na mtu yeyote. Lile lenye jina lisilojulikana, saizi isiyomkaa vizuri mtu wa kawaida na doa la rangi kwenye mkono wa kulia, ndilo linalonifanya nisogee karibu.

Ila hapa ndipo somo la gari la Barris linapouma, maana jina la kificho likishajulikana, na yote niliyoyataja yanajulikana na dunia nzima, mtu mwenye mashine ya kudarizi anaweza kukutengenezea jaketi la Magnus Rex mchana mmoja. Hakuna sumaku ya jaketi. Kinachobaki ni mlolongo: nani alipewa, alikuwa idara gani, lilifikaje kwa muuzaji huyu. Karatasi ya ratiba yenye jina la mfanyakazi huyo kwenye orodha ya idara yake ina uzito kuliko cheti kilichochapwa kwa herufi za dhahabu na muuzaji mwenyewe. Cheti cha uhalisia kinachotolewa na anayeuza ni sawa na dereva kujipa leseni. Zipo kampuni zenye jina la kulinda, kama Prop Store iliyoanzia London mwaka 1998, au minada inayofanywa na studio zenyewe, na hapo karatasi ina mtu wa kumrudia. Nje ya hapo, bora ununue kofia iliyochakaa kutoka kwa fundi wa umeme mstaafu anayekuonyesha picha yake akiwa ameivaa kazini, kuliko kinyago kinachong'aa kutoka kwa mtu ambaye kila ukimuuliza anakujibu kwamba chanzo chake hakitaki kutajwa. Chanzo kisichotaka kutajwa kina sababu zake.

Upande mwingine wa kisa hiki ulikuwa mahakamani, California, na mwaka 2013 huo huo ndipo mahakama ya kwanza ilipotoa uamuzi wake. Mark Towle, mwenye gereji iliyoitwa Gotham Garage, alikuwa akitengeneza Batmobile za mtindo wa 1966 na za mtindo wa filamu ya 1989, akiziuza kwa takriban dola 90,000 kila moja. Hakumdanganya mtu, wateja wake walijua vizuri kwamba ni nakala. DC, kampuni ya katuni yenye haki za Batman, wakamshtaki. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Gari ni chombo cha kutumika, alisema, na umbo la gari halilindwi na hakimiliki. Tena hilo la kwenye kitabu cha katuni halifanani na la televisheni, sasa DC wanamiliki lipi?

Alishindwa, akakata rufaa, na Septemba 2015 mahakama ya rufaa ya kanda ya tisa ikamjibu kwa namna iliyonifurahisha. Ilisema Batmobile si chombo tu, ni mhusika. Tangu 1941 limekuwa likibadilika sura kama mtu anavyobadilisha nguo, lakini tabia zake ni zile zile: lina umbo la popo, lina zana za kupambana na wahalifu, lina mwendo ambao gari jingine halina. Mhusika wa namna hiyo ana ulinzi, avae bodi ya mwaka wowote. Na haki za kuuza bidhaa zake DC walikuwa wamezibakiza mikononi mwao tangu mkataba wa 1965 na ABC. Jaji Sandra Ikuta aliichomekea hukumu maneno ambayo Batman alimwambia msaidizi wake Robin kwenye kipindi, kwamba katika jamii yetu yenye utaratibu mzuri, kulinda mali ya mtu binafsi ni jambo la lazima. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri hilo mwaka 2016. Anayetaka nakala ya halali leo ana pa kwenda: ipo gereji huko Logansport, Indiana, yenye leseni ya DC.

Aliyelinunua gari la kwanza pale Scottsdale naye hakuachwa nje ya hukumu hiyo, ingawa hakuwa hata kwenye kesi. Alikuwa mfanyabiashara wa Phoenix, na baada ya nyundo kugonga aliwaambia waandishi wa habari kwamba alikuja akiwa ameshadhamiria, na kwamba atavunja ukuta wa nyumba yake aliingize gari sebuleni. Chuma ni chake, kadi ya gari ni yake, mlolongo wote tangu ile dola 1 unaishia kwenye jina lake. Anaweza kulipaka rangi ya kijani akipenda. Lakini akichukua kalibu kama aliyoichukua Barris miaka ile, akatoa bodi moja ya faibaglasi na kumuuzia jirani, atapokea barua ile ile aliyoipokea Towle.

Barris alifariki Novemba 2015, wiki chache baada ya hukumu. Adam West alimfuata Juni 2017. Zile nakala tatu za faibaglasi zimeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na baadhi yake faibaglasi ilianza kupasuka kwa kutikiswa barabarani, zikavishwa manyoya meusi kama mahameli ili nyufa zisionekane. Nikiambiwa nichague, na nikihakikishiwa kwamba bei si kitu, naamini ningesimama muda mrefu zaidi mbele ya moja ya hizo, lenye manyoya yaliyochakaa pale penye mpini wa mlango, mahali ambapo kila mtoto alishika.